Achilles Ana Pointi Ngapi za Uhai? Mwongozo wa Kumwandika Shujaa wa Kigiriki kwa Mchezo wa Mezani

Kila tukipata mgeni mezani, maswali ni yale yale. Achilles ana pointi ngapi za uhai ikiwa mwili wake hauingii chuma? Heracles apewe nguvu 20 au 30? Odysseus ni mpiganaji au mjanja? Nimeyajibu kwa mdomo hadi nimechoka, kwa hiyo nayaandika hapa. Ukimaliza kusoma, njoo na karatasi yako ikiwa imejazwa.

Natumia Dungeons & Dragons, toleo la tano la mwaka 2014, kwa kuwa wengi wanaoanza wanaanzia hapo. Kama mnacheza toleo la 2024 au mchezo mwingine kabisa, namba zitabadilika ila hatua ni hizi hizi. Na kama hujawahi kucheza: kila mtu anashika mhusika mmoja, mmoja wenu anakuwa msimulizi anayeeleza dunia na kuwasemea maadui, na jambo lenye mashaka linaamuliwa kwa dadu ya pande 20. Unarusha, unajumlisha nyongeza yako, mnatazama kama umefikia namba aliyoitaja msimulizi. Mengine utajifunza ukicheza.

(Kabla hujauliza: hapana, si ushirikina. Zeus hapa ni mtu wa hadithini, kama Sungura na Fisi.)

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kanuni za msingi. Zinapatikana bure kwenye intaneti. Tangu Januari 2023 ziko chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo kupakua na kuchapa ni halali.
- Dadu saba: ya pande 4, 6, 8, 12, 20, na mbili za pande 10. Ukikosa, dadu ya ludo inatosha kwa pande 6, na kwa pande 20 andika vikaratasi 1 hadi 20, vikunje, vitie kwenye kopo. Unachomoa kimoja, unasoma, unakirudisha. Usiposahau kukirudisha, hesabu ni ile ile.
- Penseli na kifutio. Kalamu ya wino utaijutia.
- Kisa kimoja cha shujaa wako, ulichokisoma wewe mwenyewe kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Filamu haitoshi, nitaeleza kwa nini.
- Wenzako watatu hadi watano, na jioni nzima.

Hatua ya 1: Chagua siku moja ya maisha yake

Kosa la kwanza la kila anayeanza ni kutaka kuandika maisha yote ya shujaa kwenye karatasi moja. Anamleta Heracles aliyekwisha kumaliza kazi kumi na mbili, kisha anashangaa mchezo hauna ladha. Mtu aliyekwisha kumaliza kazi zake zote atafanya nini Jumamosi usiku mezani kwenu?

Mhusika huanza ngazi ya 1 na hufika ngazi ya 20. Mtafute shujaa wako akiwa ngazi ya 1, kabla jina lake halijavuma. Hadithi zenyewe zimetuwekea akiba. Odysseus kijana anakwenda kuwinda mlima Parnassus pamoja na wajomba zake, na nguruwe mwitu anamwachia kovu juu ya goti ambalo mlezi wake atamtambulia miaka mingi baadaye. Heracles, mwenye miaka 18, anamsaka simba wa mlima Cithaeron, miaka kabla ya yule wa Nemea. Jason anaingia mji wa Iolcus na kiatu kimoja. Achilles yuko kisiwani Skyros, amefichwa na mama yake kati ya mabinti wa mfalme, amevaa kike ili asipelekwe vitani, na Odysseus anakuja na zawadi za vipuli na vitambaa akiwa amechomeka silaha katikati, aone nani ataikimbilia.

Huyo wa mwisho ndiye nitakayemtumia kama mfano.

Kama wewe ndiye msimulizi na hujui pa kuanzia, mchukue Theseus. Anainua jiwe huko Troezen, anakuta upanga na viatu vya baba yake, kisha anaamua kwenda Athens kwa miguu, njia ambayo kila mtu anamkataza. Barabarani wanamngoja Periphetes na rungu lake. Sinis anayewafunga watu kwenye misonobari iliyopindwa. Nguruwe wa Crommyon. Sciron anayekulazimisha umwoshe miguu ukingoni mwa jabali halafu anakupiga teke baharini. Cercyon mpiga mieleka. Na Procrustes na kitanda chake. Sita, kwa mpangilio, kila mmoja na hila yake. Hiyo ni miezi miwili ya mchezo na hujatunga hata kijiji kimoja.

Hatua ya 2: Andika aibu yake kabla ya sifa

Chukua karatasi tupu na uandike sentensi moja: huyu mtu aliharibikiwa kwa sababu gani? Ukishindwa kuijibu, humjui bado, rudi ukasome.

Sharti hili naliweka mbele ya namba kwa makusudi. Sifa za mashujaa hawa zinafanana mno. Wote wana nguvu, wote jasiri, nusu yao ni wana wa miungu. Wanachotofautiana ni walivyojiharibia. Jason alimwacha mke aliyemfanyia kila kitu. Heracles alimuua mwalimu wake wa muziki, Linus, kwa kumpiga na kinubi. Ajax hakuweza kuishi na aibu ya kunyimwa silaha za Achilles.

Na Achilles? Hasira hasara. Neno la kwanza kabisa la Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troy, kwa Kigiriki ni hasira, yake yeye.

Hatua ya 3: Gawa namba sita

Mchezo unampima mhusika kwa vipengele sita. Mezani kwetu tunaviita Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Mvuto. Tumia seti ya kawaida: 15, 14, 13, 12, 10, 8. Mwanadamu wa kawaida katika toleo hili huongezewa 1 kila mahali, kwa hiyo utagawa 16, 15, 14, 13, 11 na 9.

Nyongeza ya kila namba unaipata kwa kutoa 10, kugawa kwa 2, na kushusha. 16 inakupa +3. 11 inakupa sifuri. 9 inakupa -1.

Sasa sikiliza: ile 9 ndiyo namba muhimu kuliko zote. Iweke pale ulipoandika aibu yake. Wanaoanza huitupa mahali ambapo haitawauma, mpiganaji akaiweka kwenye Akili kisha akaisahau. Huo ni ujanja wa kushinda michezo ya kompyuta. Hapa unajinyima nusu ya mhusika wako.

Achilles wangu:

Nguvu 16
Wepesi 15
Ustahimilivu 14
Mvuto 13
Akili 11
Busara 9

Wepesi uko juu kwa sababu Homer hachoki kumwita mwenye miguu myepesi. Akili 11 wengine hunibishia, wanadhani mpiganaji lazima awe mjinga. Huyu aliwahi kufundishwa dawa na Chiron, mwalimu aliyekuwa nusu mtu nusu farasi, na wajumbe walipomwendea kumbembeleza arudi vitani walimkuta akipiga kinubi na kuimba habari za mashujaa. Mjinga si yeye.

Ubishi mkubwa zaidi huzuka kwa Odysseus. Mimi nampa Akili 16 na Busara 9, watu wanaruka. Busara ndogo, Odysseus? Ndiyo. Kwenye pango la yule jitu la jicho moja, wenzake walimsihi wachukue jibini na wana-kondoo waondoke kabla mwenyewe hajarudi. Akakataa, alitaka kumwona na kupewa zawadi ya ugeni. Sita wakaliwa. Halafu, baada ya kujiita Hakuna-Mtu na kuokoka kwa jina hilo, akiwa tayari chomboni anapaza sauti na kutaja jina lake halisi, jina la baba na mji! Poseidon, baba wa lile jitu, akapata pa kumshika. Akili na busara ni vitu viwili, na mchezo huu unavitenga vizuri.

Tahadhari: ukimpa kila shujaa wa Kigiriki Busara 9, na kishawishi kipo, meza itakuwa na watu watano wa aina moja. Atalanta, kwa mfano, aibu yake haikuwa hapo. Alilelewa porini, dubu akamnyonyesha. 9 yake iko kwenye Mvuto. Hajui kukaa na watu.

Hatua ya 4: Chagua fani

Fani ni kazi ya mhusika: mpiganaji, mjanja, mwindaji, malenga, kuhani, na nyinginezo. Orpheus ni malenga, hapo hakuna mjadala. Atalanta ni mwindaji. Odysseus ni mjanja anayejua upinde. Medea, mjukuu wa Helios, mungu wa jua, ni mchawi wa kuzaliwa na wala si wa kusomea.

Achilles ndiye anayewachanganya. Kuna fani ninayoiita mbabe, ambayo nguvu zake zinatokana na ghadhabu, na kila mgeni hukimbilia huko: si ana hasira? Lakini soma kanuni. Ghadhabu ya mbabe inakatika mapema ikiwa zamu yako imeisha hujashambulia adui wala hujaumizwa tangu zamu iliyotangulia. Hasira ya Achilles ilifanya kinyume chake. Kamanda wake, Agamemnon, alimnyang'anya Briseis, mwanamke aliyemteka vitani, naye akakaa hemani, akaacha wenzake wachinjwe. Hiyo ni hasira ya mtu anayegoma. Kwa hiyo ni mpiganaji, na hasira iko kwenye ile Busara 9. Mbabe mwachie Heracles.

Hatua ya 5: Ustadi, silaha, hesabu za mwisho

Mpiganaji huchagua stadi mbili kutoka orodha ya fani yake. Tunachukua riadha na kutisha. Asili ya mhusika inampa mbili nyingine, na kanuni zinaruhusu ujitengenezee asili yako. Nampa tiba na utumbuizaji, na kinubi kama chombo chake.

Angalia hapo kwenye tiba. Inategemea Busara, yaani -1. Ila ngazi ya 1 ina nyongeza ya umahiri ya +2, kwa hiyo anatibu kwa +1. Mtu asiyeweza kujizuia amefundishwa kufunga majeraha ya wengine. Nadhani ndiye Achilles mwenyewe huyo, kwenye hesabu ndogo kabisa.

Pointi za uhai: mpiganaji ana 10 pamoja na nyongeza ya Ustahimilivu, +2. Jumla 12. Swali la kichwa cha habari limejibiwa.

Kinga, yaani namba ambayo adui lazima aifikie ili akupige: vazi zito la kuanzia lina 16, ngao inaongeza 2, unapata 18. Kitabu kinaliita vazi la minyororo, nanyi liiteni la shaba nyeusi, maana hilo ndilo walilovaa. Kubadilisha jina ni bure. Kubadilisha namba kuna gharama yake. Mkuki: kushambulia +5 (Nguvu +3, umahiri +2), madhara dadu ya pande 6 na +3.

Sasa hilo la kisigino: wengi wamesikia kwamba mama yake alimchovya mtoni akiwa mchanga, mwili wote usiingie chuma, isipokuwa kisigino alichomshikia. Homer hasemi lolote kuhusu kisigino. Habari za kuchovywa katika mto Styx tunazikuta kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 BK, mamia ya miaka baadaye. Ndani ya Iliad, Asteropaeus anamrushia mikuki miwili kwa mpigo, na mmoja unamkwaruza mkono wa kulia mpaka damu inatoka. Achilles anavuja damu kama wewe. Ndiyo maana nilisema filamu haitoshi.

Ukikitaka kisigino hata hivyo, usikiweke kwenye kinga wala pointi za uhai. Sisi tuliosimuliwa Fumo Liyongo tunaelewa haraka: kitovu chake hakikuwa na maana yoyote vitani. Kilikuwa na maana siku alipomwambia mwanawe mwenyewe. Kwa hiyo andika nyuma ya karatasi: nani anaijua siri hii? Mpe msimulizi, basi.

Hatua ya 6: Mungu mlezi na mungu adui

Hii ni kanuni ya nyumbani kwetu, haimo kitabuni. Kila shujaa ana mungu mmoja upande wake na mmoja dhidi yake. Mara moja kila kikao, mlezi anakuruhusu kurusha dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua iliyo kubwa. Mara moja kila kikao, msimulizi, kwa jina la adui, anakulazimisha uchukue iliyo ndogo.

Odysseus: Athena na Poseidon. Achilles: Athena na Apollo. Heracles: Zeus na Hera. Jason: Hera ni mlezi wake. Ndiyo, Hera huyo huyo, na Jason na Heracles walipanda chombo kimoja, Argo. Nikipata wachezaji wawili wanaotaka hao wawili, nafurahi peke yangu.

Hatua ya 7: Utabiri, lakini uuache wazi

Sentensi moja tu, na iwe na njia mbili. Achilles anao tayari: abaki vitani afe kijana na jina lidumu, au arudi nyumbani azeeke bila sifa. Usiandike atachagua ipi.

Hatua ya 8: Mjaribu kabla ya kikao

Rusha dadu mwenyewe chumbani, majaribio mawili.

Moja, pambano. Adui ana kinga 13. Kwa +5, Achilles anahitaji 8 au zaidi: nafasi 13 kati ya 20. Vizuri.

Mbili, aibu. Kamanda anamtukana mbele ya jeshi zima na msimulizi anataka 15 ya Busara ili ajizuie kuchomoa upanga. Kwa -1 anahitaji 16 au zaidi: nafasi 5 kati ya 20, robo. Akimwita Athena arushe mara mbili, inapanda hadi karibu 44 kwa 100. Hivi ndivyo ilivyokuwa mbele ya Agamemnon: mkono ulikuwa tayari kwenye upanga, Athena akamvuta nywele kutoka nyuma.

Kama jaribio la kwanza linakupa raha na la pili linakutia wasiwasi, karatasi iko sawa. Kama yote mawili ni mteremko, rudi hatua ya 3.

Mambo yakikwama

*Shujaa mmoja anawafunika wengine.* Lilinipata. Nilimleta Heracles wa ngazi ya 15 kwenye meza ya ngazi ya 3, kwa sababu tu nilitaka kuona simba akinyongwa. Wenzangu wanne walikaa saa mbili wakiangalia simu zao. Wasimulizi wa kale walikumbana na tatizo hilo hilo: wakamshusha Heracles kutoka Argo mapema, huko Mysia, akimtafuta kijana wake Hylas. Wengine walidai chombo chenyewe kilitamka kwamba hakimudu uzito wake. Wote muwe ngazi moja. Hakuna ujanja mwingine.

*Mchezaji anajua hadithi, anaifuata kama ratiba.* Badilisha jambo moja mapema, mbele ya macho yake. Kule Skyros, binti mwingine ndiye aonekane ameshika upanga.

*Perseus bila vifaa si kitu.* Kweli. Viatu vya mabawa, mfuko, kofia ya Hades ya kutoonekana: vyote ni vya kuazima, na baada ya kumkata Medusa alivirudisha. Mwandike kama kijana wa kisiwa cha Seriphos aliyelelewa na mvuvi, halafu mpe kifaa kimoja kwa kikao, na tarehe ya kurudisha.

*Hasira ya mhusika inawageukia wachezaji wenzake.* "Ndivyo Achilles alivyo" si udhuru. Simamisha mchezo, zungumzeni kama watu. Lile jaribio la Busara mimi silitumii kwa mtu ambaye hakulikubali tangu mwanzo.

*Kila mtu anataka kuwa mwana wa mungu.* Waruhusu wote, lakini bila namba ya ziada. Hatua ya 6 imekwisha kuwalipa.

*Mhusika amekufa.* Kwa Wagiriki, kuzimu kuna njia ya kuendewa. Orpheus alikwenda, Heracles alikwenda, Odysseus alifika mlangoni akaongea na kivuli cha Achilles, ambaye alimwambia bora kuwa kibarua wa maskini juu ya ardhi kuliko mfalme wa wafu wote. Kwa hiyo kikao kinachofuata kiwe cha kumfuata mwenzenu. Ila wekeni bei. Theseus na rafiki yake Pirithous walikwama huko kwenye viti wasiweze kuinuka. Heracles alimng'oa Theseus, na alipomshika Pirithous ardhi ikatetemeka, akamwachia. Kwetu, kila safari ya kuzimu, mmoja wa walioshuka anabaki kitini, na dadu ndiyo inayomtaja.